Redio Peke Yake Haimlei Mtoto

Alfajiri ya mwambao wa Rumonge ina sauti zake. Mitumbwi iliyokesha ziwani na taa hurudi na ndagala, wanawake hushuka ufukweni na mabeseni yao, adhana husikika, na kengele ya kanisa nayo haichelewi. Katikati ya sauti hizo, dirisha baada ya dirisha, kuna redio. Nyumba hii inasikiliza Kurani na tafsiri yake, ya pili inasali rozari pamoja na watangazaji, ya tatu ina mhubiri na kwaya. Katika mji ambao Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti huishi ukuta kwa ukuta, vipindi vya dini ni sehemu ya maisha ya nyumbani kama lilivyo jiko.

Katika nyumba nyingi, hata hivyo, hutokea jambo lile lile. Mama humwita mtoto wake wa miaka minne au mitano, humketisha mkekani karibu na redio na kumwambia, "Tulia, usikilize maneno ya Mungu." Baada ya dakika tatu mtoto ameanza kunyofoa nyuzi za mkeka. Baada ya dakika tano amelala kifudifudi. Baada ya dakika saba yuko mlangoni anatazama mbuzi wa jirani. Mama hupaza sauti. Mtoto asipotii, hupata kofi. Kipindi humalizika mtoto akilia na mama akiwa na uchungu, na kila mmoja ameondoka na somo lake. Mama ameamini kwamba mwanawe ni mkaidi. Mtoto naye ameamini kwamba Mungu ni yule anayekuja pamoja na kofi.

Somo hili la pili ndilo la kuogopwa. Mtoto aweza kusahau hotuba mia moja na asipungukiwe na kitu, lakini hofu aliyoipata mkekani aghalabu hukua pamoja naye. Kwa hiyo yafaa wazazi waelewe kwanza kwa nini mtoto mdogo hasikilizi redio kama mtu mzima, ndipo watafute njia ya kumsaidia.

Sauti isiyo na mtu

Mtu mzima anaposikiliza hotuba, huijaza kwa mambo anayoyajua. Likitajwa jina la Ibrahimu, humwona mzee, mwana na sadaka. Mtoto wa miaka minne hana hazina hiyo. Kwake yeye sauti itokayo redioni haina uso, haina mkono, haimjibu anapouliza, wala haimngojei anapochelewa kuelewa.

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle nchini Marekani, walitoa matokeo ya utafiti ambao kila mzazi angefaa kuufahamu. Waliwachukua watoto wa Kimarekani wenye umri wa miezi tisa, wakawasikilizisha Kichina kwa vikao 12. Kundi la kwanza lilikaa na mtu aliyewasomea vitabu na kucheza nao. Makundi mengine yalisikia maneno ya namna ile ile, kutoka kwa wasemaji wale wale, lakini kwa njia ya televisheni au ya sauti peke yake. Watoto waliokaa na mtu walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Wale wa televisheni na wa sauti tupu hawakujifunza. Walikuwa sawa na watoto ambao hawakusikia Kichina kabisa.

Ni kweli kwamba watoto hao walikuwa wachanga kuliko wanaozungumziwa hapa, na kilichopimwa kilikuwa sauti za lugha, si imani. Lakini funzo lake linaafikiana na yale ambayo mama yeyote huyaona nyumbani kwake: mtoto mdogo hujifunza kutoka kwa mtu anayemtazama. Redio yaweza kuleta maneno mema hadi mlangoni. Wa kuyaingiza ndani ni mzazi.

Historia ya Burundi yenyewe inathibitisha jambo hili. Radio CORDAC, ambayo wamisionari wa Kiprotestanti waliianzisha mjini Bujumbura mwaka 1963, ilifungwa mwaka 1977. Katika utawala wa Kanali Jean-Baptiste Bagaza, uliodumu tangu 1976 hadi 1987, makanisa yaliwekewa vizuizi vingi, na ikafika hata ibada za mchana siku za kazi zikakatazwa. Hata hivyo watoto wa miaka ile hawakukua bila dini. Walifundishwa jikoni, kitandani kabla ya kulala, na kando ya bibi aliyekuwa akikoroga chungu cha maharagwe. Leo redio ni nyingi. Radio Maria inasikika, Radio Ivyizigiro inasikika, na vituo vya ng'ambo ya ziwa navyo huingia. Ni neema, ila mzazi asidhani kwamba wingi wa redio umemwondolea kazi ya yule bibi.

Kabla ya kuwasha

Kazi ya mzazi huanza kabla redio haijafunguliwa. Jambo la kwanza ni kuchagua. Vipindi vingi vya dini vimetungwa kwa ajili ya watu wazima, navyo huzungumzia ndoa, madeni, mirathi au adhabu ya kaburini. Yafaa mzazi akisikilize kipindi kwa siku kadhaa peke yake kabla ya kumwita mtoto. Visa vya manabii, nyimbo, kaswida, sura fupi na sala zinazorudiwa ndivyo vinavyomfaa mdogo. Hotuba ya dakika 40 haimfai, hata ikiwa na hekima kiasi gani.

Jambo la pili ni kumpa mtoto kitu kimoja cha kutega sikio. Mathalani, kipindi kikiwa cha Nabii Yunus, ambaye Wakristo humwita Yona, mama aweza kusema, "Leo kuna mtu aliyemezwa na samaki. Sikiliza vizuri, kisha uniambie aliomba nini alipokuwa tumboni." Mtoto wa Rumonge, ambaye amekwisha kuona samaki wa kila namna wakiteremshwa kutoka mitumbwini, bila shaka atataka kujua kama alikuwa sangala. Swali hilo si utovu wa adabu. Ni dalili kwamba kisa kimeingia nyumbani.

Jambo la tatu ni lugha. Watoto wengi wa mwambao huu hucheza kwa Kiswahili na kusomeshwa kwa Kirundi. Katika familia zilizokimbilia Tanzania mwaka 1972 na kurejea baada ya miaka mingi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba au Mishamo, Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani. Redio nayo yaweza kusema Kirundi, Kifaransa, Kiswahili cha mimbari au Kiarabu. Basi mzazi achague neno moja gumu na kulifungua. Neno "toba", kwa mfano, asili yake ya Kiarabu ni kurudi. Mtoto akiambiwa kwamba kutubu ni kama mtu aliyepotea sokoni akageuka na kuifuata njia ya nyumbani, ameelewa zaidi ya yule aliyelisikia neno hilo mara mia bila maelezo.

Wakati wa kusikiliza

Mkono ukiwa na kazi, sikio hutulia. Mtoto anayechambua maharagwe na kutoa vijiwe, au anayepanga bakuli kwa ajili ya futari, husikiliza kwa muda mrefu kuliko yule aliyeamriwa akae kama mti. Wazazi wengine huona haya, wakidhani kwamba kufanya kazi wakati maneno matakatifu yanasomwa ni kukosa heshima. Heshima ya mtoto mdogo ni kuwapo na kutaka kuwapo. Utulivu wa viungo utakuja na umri.

Muda nao upimwe. Dakika tano hadi kumi zinamtosha mtoto wa miaka minne. Katika nyumba inayosali rozari, mtoto aweza kushiriki kumi moja kati ya makumi matano, akishika punje kwa kidole chake, kisha akaruhusiwa kwenda. Katika nyumba ya Kiislamu, msomaji wa redioni anapofika kwenye Al-Kauthar, yenye aya tatu, au Al-Ikhlas, yenye aya nne, mama asome pamoja naye kwa sauti ili mtoto ayaone maneno yakitoka katika kinywa anachokipenda. Afadhali mtoto aondoke akiwa bado anataka kuliko aondoke akiwa amechoka.

Mwezi wa Ramadhani huleta nafasi nzuri zaidi. Mtoto mdogo halazimiki kufunga, lakini aweza kupewa ulinzi wa adhana ya magharibi: akae karibu na redio, na adhana ikilia awaite wote. Hapa pana jambo ambalo watu wazima nao wanapaswa kulikumbuka. Jua huchwa Dar es Salaam yapata dakika 40 kabla ya kuchwa Rumonge. Nyumba inayofuturu kwa adhana ya kituo cha Dar es Salaam itafuturu wakati jua lingali juu ya milima ya Kongo. Hata Kigoma, ambako jua huchwa karibu wakati mmoja na Rumonge, saa ya ukutani husema saa moja wakati ya Rumonge inasema saa kumi na mbili, kwa maana saa za Tanzania zimetangulia za Burundi kwa saa nzima. Mlinzi mdogo afundishwe basi kusikiliza redio na kutazama ziwa pia. Atajifunza adabu ya saumu, na atajifunza kwamba dunia ni duara na waumini huinuka kusali kwa zamu.

Baada ya kuzima

Kipindi kikiisha, redio izimwe. Wazazi wengi huiacha ikiendelea, na tangazo la sabuni hufuata papo hapo na kufuta yote. Dakika chache za kimya zina thamani. Ndipo mama au baba aulize maswali matatu tu: Nani alikuwamo? Alifanya nini? Wewe ungefanya nini? Yasiwe mtihani. Mtoto akikosea jina la nabii asichekwe, wala asirudishwe mkekani. Akitaka kuchora safina mchangani kwa kijiti, au kuigiza pamoja na dada yake, aachwe. Huko ndiko kuelewa kwake. Na akitaka kisa kile kile kesho na keshokutwa, apewe. Mtu mzima huchoshwa na marudio, bali mtoto hujenga kwayo.

Safina hiyo inaleta jambo zito. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda hadi kiwango kilicholinganishwa na kile cha mwaka 1964. Katika Rumonge, kama katika sehemu nyingine za mwambao, maji yaliingia majumbani na watu wakahama. Kisa cha Nuhu kimo katika Kurani na katika Biblia, na redio zote hukisimulia. Mtoto wa bara husikia gharika kama hadithi ya mbali. Mtoto aliyeona ziwa likiingia chumbani mwao husikia habari ya nyumba yake. Akisikia peke yake kwamba Mungu aliwazamisha waovu kwa maji, ataanza kuhesabu: Je, mama aliyehama na magodoro alikuwa mwovu? Je, mimi niliyeiba sukari ndiye niliyeyaleta maji?

Hakuna redio itakayoyajibu maswali haya, kwa sababu haitayasikia. Mtoto mwenyewe pengine hatayatamka. Atakojoa kitandani, au atakataa kwenda ufukweni, na watu watasema amerogwa. Mzazi aliyeketi naye ndiye atakayeona uso ukibadilika, naye ndiye atakayesema, "Maji yale hayakuja kwa sababu ya sukari. Mvua zilikuwa nyingi, mito ikajaa, ziwa likapanda. Sisi tulihama, majirani wakatupokea, na tuko salama." Kisha amwonyeshe upande wa pili wa kisa hicho: kwamba ndani yake mna safina, mna wanyama wawili wawili, na mna siku ambayo maji yalipungua. Vivyo hivyo kwa mahubiri ya moto na adhabu. Mtoto ambaye bado hawezi kupambanua kosa na ajali, kuvunja kikombe na kuvunja amri, asiachwe peke yake na maneno hayo.

Kinachosemwa juu ya jirani

Ukuta wa Rumonge ni mwembamba. Redio ya nyumba moja husikika katika nyumba tatu, na mtoto wa Kiislamu hujua nyimbo za kwaya kama mtoto wa Kikristo ajuavyo adhana. Siku moja mhubiri fulani, wa dini yoyote, atasema neno la kuwadharau watu wa dini nyingine, na mtoto atamtazama mama yake ili aone kama neno hilo ni halali.

Watu wa nchi za Maziwa Makuu wanajua redio yaweza kufanya nini. Katika nchi jirani ya Rwanda, kituo cha RTLM kilichotangaza tangu Julai 1993 hadi Julai 1994 kilichochea mauaji ya kimbari, na mwezi Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani viongozi wake wawili. Haikuwa redio ya dini. Lakini ilifundisha kwamba dharau ikirudiwa kila siku kwa sauti tamu, huzoeleka. Burundi nayo ilionyesha njia ya pili. Studio Ijambo, iliyoanzishwa Bujumbura mwaka 1995 wakati wa vita, ilitoa tangu 1997 mchezo wa redio ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri na kuitwa "Umubanyi niwe Muryango", yaani jirani ndiye ndugu. Ulisimulia maisha ya familia za Wahutu na Watutsi waliokaa jirani, nao ulipata wasikilizaji wengi nchini.

Kwa hiyo neno la dharau likisikika, mzazi asinyamaze. Kwa mtoto, kimya ni ndiyo. Azime redio na aseme kwa upole, "Huyu amekosea. Mama fulani wa ng'ambo ya ukuta alituletea chakula tulipouguliwa. Si mtu wa kudharauliwa." Sentensi hiyo moja ni somo la dini kamili.

Baba, simu na televisheni

Malezi haya yasiachiwe mama peke yake. Ni kweli kwamba baba mvuvi hulala mchana baada ya kukesha, na mtoto hufundishwa kunyamaza ili baba apumzike. Lakini katika siku za mbalamwezi, wakati taa za wavuvi hazivuti ndagala, mitumbwi hupumzika na baba huwa nyumbani usiku. Siku hizo ziwe zake. Baba akisimulia kwa maneno yake kisa kilichosikika juma lililopita, mtoto atakishika kuliko alivyokishika redioni, hasa kama kuna samaki ndani yake.

Nyumba zenye televisheni au simu ziwe na uangalifu zaidi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku, na pungufu ni bora zaidi. Shauri hilo halikutenga vipindi vya dini. Kumwachia mtoto simu yenye kaswida au katuni za Biblia ili mama apate kupika ni kumtuliza, si kumfundisha, na mama ajue anafanya lipi kati ya hayo mawili.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na hakuna mahali wanapoielewa methali hiyo kuliko Rumonge. Lakini mvuvi pia anajua kwamba samaki mbichi akikunjwa kwa nguvu hupasuka. Juma hili mzazi na ajaribu jambo moja dogo: achague kipindi kimoja kifupi, aketi mkekani kabla ya kumwita mtoto, aweke ungo wa maharagwe katikati yao, na baada ya dakika kumi azime redio na kuuliza, "Umesikia nini?" Kisha asubiri jibu, hata likichelewa.